Dari Isiyo na Nyumba

Saa saba mchana, Mishomoroni,
bati linalia tik, tik,
kama mtu anayehesabu deni la mwenziwe.
Mbeyu nimemlaza sakafuni
juu ya kanga iliyoloweshwa,
na bado jasho limemchora mgongo.

Nilikwenda dukani kuuliza bei ya dari.
Muuzaji akaitaja, ya kipande kimoja,
nami nikanunua misumari ya shilingi ishirini
nisije nikatoka mikono mitupu.

Kongowea, nyuma ya wauza madafu,
makumbi yamelundikana hadi kiunoni,
yanaoza, yanafuga mbu.
Tsofa akasimamisha panga hewani:
"Mama Mbeyu, siku hizi waokota taka?"
"N'naokota dari."
Akatazama juu, kama anayetafuta mvua.

Cha kwanza: makumbi na uji wa muhogo,
nikashindilia kwa kitako cha sufuria
ndani ya fremu ya kitanda kilichovunjika.
Kikakauka, chekundu kama mkate.
Usiku wa tatu panya wakakila
wakaacha alama za meno pembeni,
safi, kama fundi aliyetia sahihi.

Cha pili nikatia magazeti.
Masika yakaja na unyevu wake wa chumvi,
kikalegea kama tumbo la mbuzi mwenye mimba,
kikaota kijani.
Bi Mwanatumu akachungulia mlangoni:
"Umepanda mchicha juu?"
Tukacheka sote.
Nililia baadaye, mlango umefungwa.

Cha tatu sikisemi.

Cha nne niliyaloweka makumbi siku tatu,
nikamwaga maji mekundu,
nikaloweka tena, nikamwaga,
mpaka maji yakatoka meupe;
maana ule wekundu ndio ulioikatalia chokaa isishike.
Hili sikufundishwa. Nililiona kwa macho,
kwa vidole vilivyochubuka.
Chokaa, nyuzi za katani zilizobaki kwa wasokota kamba,
maji machache kuliko unavyodhani,
jiwe la kusagia juu yake,
na kivuli. Wiki tatu za kivuli.
Nikakipima kwa mizani ya muuza samaki: kilo nne kasorobo.
Nikakishika juu ya jiko la makaa:
kikafuka, kikanuka nazi, kikakataa moto.

Nguvu zangu zilitosha vipande sita,
pembe moja tu ya chumba.
Nikavifunga kwa skrubu.
Misumari ni ya wenye kukaa.

Mvua ya kwanza ilipopiga,
upande wa bati ilifoka,
upande wa dari ilinong'ona,
na kwa mara ya kwanza nikamsikia Mbeyu
akisoma silabi zake, ba, be, bi,
sauti ndogo iliyokuwepo siku zote.
Alasiri watoto wa ploti nzima
wakawa wanajibana pembe ile,
miguu ya huyu kichwani mwa yule.

Tarehe tano mwenye nyumba akaja.
Akainua macho, akayaacha huko juu.
"Nyumba imependeza," akasema.
Mtu akikusifia nyumba yake, shika mfuko.
Kodi ikapanda elfu moja na mia tano.

Sikubishana.
Nikapanda kiti, nikafungua skrubu moja moja,
nikazitia koponi pamoja na ile misumari
ambayo haijawahi kupigwa popote.

Mombasa tunazijua nyumba zisizo na ardhi:
ukuta wako, mchanga wa mwingine.
Mimi nina dari isiyo na nyumba,
imelala mkokotenini chini ya mkeka,
Mbeyu ameikalia asije akaiangusha njiani,
na Tsofa anasukuma, anahema,
hacheki tena.

"Mama Mbeyu," aniuliza tukikata kona,
"kwangu mimi chumba ni futi kumi kwa kumi.
Naanzia wapi?"

Loweka, namwambia.
Maji mekundu, mwaga.