Finjani Mbili, Makoroboi

Alikuja Jumanne, mvua imeacha tope la kunata,
akaketi kwenye benchi langu lenye mguu wa tofali
akauliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza:
"Cha zamani kipo? Cha kabla ya hoteli?"
Nikamjibu chipsi zipo, kuku yupo, soda ya baridi.
Akatikisa kichwa. Jina lake Senada,
kwao Sarajevo, mji uliozungukwa na milima
kama bakuli, alisema, na mto mwembamba chini
kama mchuzi uliobaki.

Nikaona aibu ndogo, ile ya mwenye nyumba
anayeulizwa na mgeni jina la mti wa uani kwake.

Jumatano nikampa michembe:
viazi vilivyoanikwa juu ya jabali huko Kayenze,
vigumu mkononi kama vigae.
Nikavichemsha na karanga hadi vikakubali.
Alitafuna kimya, akaliandika neno daftarini,
akaligonga mara mbili kwa kalamu
kama anayejaribu tikiti iwapo limeiva.

Alhamisi, ugali wa udaga na nsansa.
Ijumaa akaomba furu.
Ah, Senada. Furu wa utoto wangu,
mifupa mingi, utamu wote kichwani!
Bibi Mbuke aliwatunga kijitini, sita sita.
Siku hizi ni wa kuhesabu; sangara aliletwa ziwani
akawamaliza.
"Cha zamani chenyewe," nikasema, "kililiwa kabla hujafika."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumamosi kaja na mfuko: unga, vitunguu,
nyama ya kusaga kutoka Mlango Mmoja.
Akaomba meza. Nikaondoa masufuria.
Akatandika shuka safi, akauvuta ule unga
kwa migongo ya mikono, akiizunguka meza,
akivuta, akizunguka,
hadi maua ya shuka yakaonekana chini yake.
Kwandu wa mitumba akachungulia:
"Huyu anapika au anashona?"
Akajaza nyama, akakunja, akaviringa
kama kata ya kubebea ndoo kichwani.
Burek, akasema.
Tanuri sina. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko;
upande wa kushoto ukaungua.
Tulikula wa kulia, halafu, kwa kuwa tulikuwa watu wazima
na hakuna aliyetutazama, tukala na wa kushoto.
Kwandu akatoa hukumu: "Sambusa iliyokosa kona."

Ndipo akatoa kibirika cha shaba chenye mkono mrefu.
"Kahva," akasema.
Kahawa, nikasema.
"Fildžan."
Finjani.
"Sahan."
Sahani.
"Čaj?" Chai ni chai.
"Sapun."
Sabuni, iko pale, kaoshe vyombo basi!
Tukatazamana kama watu waliokutana msibani
wakagundua wanafanana masikio.

Alikuwa na miaka tisa mji wao ulipofungwa, alisema,
akitazama sira badala ya kunitazama mimi.
Nyama hakuna, mayai hakuna. Mama yake
alichuma majani yaliyoota kando ya ngazi
akayakunja humohumo kwenye unga wa msaada,
bila kupunguza mkunjo hata mmoja.
Nami nikamsimulia unga wa njano tuliouita Yanga,
foleni tangu alfajiri, kibaba kwa kila nyumba,
na mama aliyeusonga kwa mwiko uleule wa sherehe
huku akituambia tukae vizuri, tunawe.

Hatukulia. Kahawa ilikuwa chungu
na wateja wa saa saba walishaanza kufika.

Aliondoka na michembe nusu debe
iliyofungwa kwa gazeti la juzi.
Aliniachia finjani moja; ya pili alirudi nayo.
Yangu naiweka juu ya kabati la vikombe,
na anayeuliza kama inauzwa simjibu.

Wiki jana amenitumia picha:
michembe yangu, kwenye sahani ya shaba,
na juu yake, nene, nyeupe, utando wa maziwa.
Utando wa maziwa! Kwenye michembe!
Bibi Mbuke angefufuka amgombeze.
Halafu angeonja.