Jina Juu ya Mlango

Saa tisa za usiku Kutaisi haina mtu
ila mimi, na mbwa wa kinyozi, na theluji
inayoshuka taratibu kama unga kwenye chekeche.
Nafungua kufuli. Nawasha vijiti vya mzabibu mkavu.
Tanuri linakohoa, linakataa, halafu linaridhia,
kama wewe, Jumber, enzi zile
nilipokubembeleza tukacheze dansi.

Miaka ishirini na miwili nilikanda tu.
Nilikanda, nikapima chumvi, nikahesabu chenji,
na wewe ndiye uliyeinama ndani ya kinywa cha moto,
kichwa chini, miguu hewani,
ukabandika donge ukutani, ukachomoka mwekundu,
watu wakasema: huyo ndiye mwanamume.
Mimi waliniita Mke wa Jumber.
Hata mama yako. Hata bili ya umeme.

Kisha ikaja ile Jumanne ya Machi.
Upande wako wa kulia ukalala bila kuaga.
Ulishika kijiko, kijiko kikadondoka,
ukakitazama pale sakafuni
kama mtu anayetazama treni iliyomwacha.

Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi.
Sikujua kwamba penzi laweza kunuka
dawa ya kuchua na supu ya maharagwe,
kwamba laweza kuwa kazi ya kukufunga vifungo vya shati
nawe umegeuza uso kwa haya,
nami najifanya natafuta kifungo kilichopotea
ili upate nafasi ya kulia.

Lakini kaka yako Gocha alipokuja na karatasi zake,
"Uza. Mwanamke haingii tanurini,
nywele zitaungua, kifua kitaungua,
mtaa mzima utacheka,"
kitu kilichokuwa kimelala ndani yangu kikaumuka
kama chachu iliyosahaulika karibu na jiko.

Nywele nilizikata mwenyewe, kwa mkasi wa kukatia kuku.
Nikafunga kitambaa, nikavua pete
nikaitia kwenye kopo la chumvi
(hadi leo unaicheka hiyo),
nikavuta pumzi,
nikainama.

Mkate wa kwanza ulianguka majivuni.
Wa pili nao.
Wa saba ulishika, umepinda kama kiatu cha mlevi.
Nilikuletea. Uliula wote kwa mkono wa kushoto
na hukusema ni mtamu.
Ulisema, kwa ulimi mzito, neno baada ya neno:
"Sogea zaidi. Usiuogope ukuta."

Hapo ndipo nilipojua kuwa umenioa.

Kanisani wananisifu:
Nazibrola kajitoa sadaka kwa mumewe.
Nawaacha waseme.
Sadaka hulazwa madhabahuni ikangoja kisu;
mimi nina makovu kumi na moja mkononi
na leseni ya biashara mfukoni,
na saa kumi na mbili foleni yangu imefika kwa fundi viatu.
Nakupenda, na sijapungua.
Usiku nikikugeuza ubavu usichubuke
mikono ni hii hii iliyotoka kwenye moto,
na yote miwili ni yangu.

Jana alikuja yule kijana mchora vibao, Badri.
Akauliza aandike nini.
Nilinyamaza. Ni wewe uliyejibu, kitini pako dirishani,
ukamtajia jina langu herufi kwa herufi,
ukachukua muda mrefu kuliko sala,
naye akangoja, brashi ikidondosha buluu kwenye theluji.
Akauliza tena: na la mzee liwe wapi?
Ukacheka kwa nusu ya mdomo.
"Mimi? Mimi ni Mume wa Nazibrola."

Leo kibao kimeninginia kombo.
Gocha amepita, amekisoma, amenunua mikate miwili.
Chenji yake sikumpunguzia, wala sikumwongezea.
Unga umebaki nusu gunia.
Lala kidogo, nitakuamsha
moto ukishatulia.