Jibu Maswali Yote

Umeme umepotea Mikindani tangu magharibi.
Nasahihisha kwa tochi ya simu,
karatasi thelathini na tisa, kalamu nyekundu moja,
jasho likidondokea majina ya watoto wa watu.

Swali la kwanza nililitunga jepesi, la kuwatia moyo:
*Taja mambo matatu yanayomtambulisha kiumbe hai.*
Hupumua, hukua, huzaana. Wengi wamepata zao.
Mwachiro kaandika: hula, hutoa taka, hudaiwa kodi.
Nimempa mbili.
Ya tatu nimeiwekea kiulizo, si kosa,
maana mwenye nyumba wangu alibisha hodi jana
nami nilikuwa hai, nimejibana nyuma ya pazia.

*Majani ya mchu hutoa chumvi. Thibitisha.*
Dzame kajibu kwa neno moja:
Nimelilamba.
Tangu nianze kazi hii
sijawahi kumpa mtu alama kwa haraka vile.

La umuhimu wa mikoko, alama nne,
Lali Shebwana kaniletea haya:

    Sikusoma nakubali, jana ilicheza timu,
    Ila mikoko ni mali, tena ukuta muhimu,
    Mawimbi yatoka mbali, yaikuta iko zamu,
    Nipunguzie ukali, alama nne zatimu.

Nimehesabu mizani kwa vidole, sikuamini, nikarudia.
Kumi na sita, mstari kwa mstari.
Lakini hoja ni mbili, mali na ukuta,
na mwongozo wangu hauna safu ya vina.
Mbili, basi. Nikaandika tatu. Nikaifuta.
Karatasi imetoboka hapo, atauliza.

Kisha Mbodze Chigulu,
yule anayekaa kimya karibu na mlango,
ambaye kwao ni ukingoni mwa hori, upande wa Jomvu.
*Kwa nini mizizi ya mchu huchomoza juu ya tope?*
Kwa sababu tope halina hewa, mwalimu,
mti unatoa pua nje.
Hapo angeweka nukta, ningempa zake zote, nikafungua ukurasa.
Hakuweka.
Ya kwetu imefunikwa mifuko na nepi.
Nimehesabu kutoka mlangoni: pua sitini na moja
zimezibwa. Nilizizibua kumi na nne
ndipo mama akaniita niteke maji.

*Chora mnyororo wa chakula wenye viumbe wanne.*
Kachora jani la mkoko limeanguka,
kaa kalishika kwa gando,
chewa kamfuata kaa, mdomo wazi,
na mtu, mwanamke wa leso, ana kikaango.
Mishale mitatu. Sahihi.
Ila kuna mshale wa nne, ambao sikuuomba:
unatoka kwa mtu, unapita kwenye kijumba
kilichoandikwa CHOO kwa herufi kubwa,
unateremka mteremko, unarudi kwenye jani.
Chini yake, kwa penseli hafifu, kama aliyeogopa:
Mwalimu, huu nao unahesabiwa?

Nimeitazama mpaka simu ikalia betri.
Ghorofa ya juu mtu kavuta maji.
Bomba likakohoa ndani ya ukuta wangu,
likapita nyuma ya kitanda,
likapita chini ya meza yenye karatasi thelathini na tisa,
na mimi, mwenye shahada, mwenye muhuri wa idara,
najua linakokwenda.
Miaka saba naishi hapa. Najua.

Mwongozo unasema alama tatu, mishale mitatu.
Nimeweka tatu.
Pembeni ya ule wa nne nimeandika *Ndiyo*,
nikaona neno limekaa peke yake, dogo,
nikaongeza: *wangu pia umo.*

Kesho maji yanakupwa saa nne.
Sina basi, sina barua ya mkuu,
lakini hori iko dakika kumi kwa miguu
na tumebakiwa na pua arobaini na saba.
Nitaandika ubaoni kabla hawajakaa:
njooni na viatu vibovu,
na mtu asilete mfuko.