Mpini wa Mashoto

Nimekikuta darini, Wete, ndani ya gunia la makonyo:
kisu cha marehemu mama,
bapa lina madoa kama ndizi iliyopitiliza,
na mpini wa pembe umepauka,
mkavu kama kisigino cha mwanika karafuu.
Ufa umeanzia kwenye msumari
ukatambaa hadi karibu na msuka.

Nikakipeleka kwa Shaame Faki, mnoaji wa nyuma ya soko.
Hakuuliza cha nani. Alikinusa.
"Pembe si mti," akasema, "pembe ni jamaa ya ukucha.
Usiioshe kwa maji moto. Usiianike.
Mafuta ya nazi peke yake yatachacha, yatie nta.
Na usifanye pupa, we, haikukosea kitu."

Nikayeyusha nta ya mrina asali wa Makangale
katika kopo la maziwa, juu ya makaa mawili.
Nikasugua kwa jani la msasa.
Vumbi likatoka jeupe, likanuka nywele zilizoungua,
na ghafla yule dume alikuwepo jikoni,
dume wa babu, wa Chwale, wa mchezo wa ng'ombe,
aliyewapandisha watu wazima mikarafuu
kisha akafa kwa kumeza kamba.

Usiku wa kwanza pembe ilikunywa yote.
Wa pili ikabakisha kidogo.
Wa tano rangi ya asali ikaanza kurudi kutoka ndani,
na mistari myeusi nisiyowahi kuijua.
Ufa haukuziba. Umelainika kingo tu,
kama neno lililosemwa zamani
ambalo waliosemana wamezoea kulipita.

Hapo kidole gumba changu kikakosa bonde.
Bonde lipo, lakini upande wa pili.

Mama alikuwa mashoto.
Bibi alimfunga mkono kwa kitambaa, mwalimu wa chuo akamchapa,
wakwe wakanong'ona juu ya mchuzi wake.
Mkono wa kulia ulisalimia, ulikula, uliandika;
muhogo ulimenywa na ule mwingine,
mlango umerudishwa.
Miaka arubaini hiyo, kidole kikila pembe.

Jani la msasa lilikuwa bado mkononi.
Shaame alisema nisawazishe pote.

Nilipaka mafuta pale, kwa ncha ya kidole,
nikaacha.

Leo binti yangu Raya kaomba kisu amenye embe.
Sikumwambia kitu. Nilimtazama tu,
atakishika kwa mkono upi.