Herufi Moja

Niliandika ubaoni, kidato cha pili B, Ujiji:
UBAGUZI. Toa maana. Tunga sentensi mbili.
Nikajipangusa chaki kwenye suruali.

Nyanzobe alinyoosha mkono:
"Ni kazi, mwalimu. Mama anaifanya Kibirizi.
Wanamlipa kwa ndoo."
Darasa likacheka, hata la jirani likacheka
bila kujua linacheka nini.
Mimi nilichelewa.

Maana ni kweli. Kabla hakijavaa koti,
kitenzi hiki kilikaa mchangani na wanawake,
kikitenga dagaa na changarawe,
dagaa na vitoto vya migebuka,
hawa wa kwenda Lubumbashi, wale wa kulisha kuku.
Hakikumchukia mtu.
Kilinuka shombo tu.

Nani alikiokota pale akakipeleka ofisini?

Babu yangu Songoro alikuwa kuli wa reli.
Stesheni, alisema, palikuwa na choo cha Mzungu,
choo cha Mhindi,
na kichaka.
"Mliuitaje mpango huo?"
"Utaratibu," akajibu, akaendelea kumenya muhogo.

Na babu huyohuyo, akipandwa na hasira,
aliwaita washenzi Waha waliobeba chumvi ya Uvinza,
yeye mwungwana, kwa kanzu moja ya Ijumaa.
Ustaarabu! Lipasue neno hilo kama karanga:
ndani amekaa mgeni, kakunja miguu, anasubiri kahawa.
Na mtumwa na mtume ni tumbo moja;
mmoja alitumwa na Mungu,
mwingine alitumwa maji.

Siku hizi neno langu la ubaoni limenenepa.
Mtoto akinyimwa ukoko: ubaguzi.
Timu ikikosa penalti: ubaguzi.
Limevutwa kama lastiki ya soksi ya shule,
halishiki tena mguu.

Jumatatu mama yake Nyanzobe alikwenda kupigwa picha ya kitambulisho.
Afisa alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi.
"Mama, jina hili Nyabenda. Kwenu hasa ni wapi?"
"Heru Juu."
"Na kabla ya Heru Juu?"
"Tumboni."
Akaonyeshwa benchi la ukutani,
pamoja na wenye majina ya Nta- na ya Niyo-,
na mzee mmoja ambaye kosa lake ni lafudhi.
Hakuna aliyetukanwa.
Fomu ilikuwa na kichwa safi cha habari: UHAKIKI.

"Kidole chake, mwalimu," aliniambia baadaye,
magamba yamemkauka mikononi,
"kilipita juu ya foleni, huyu huku, huyu kule.
Kazi anaijua.
Ila mimi nikiifanya nainama."

Usiku nilisahihisha madaftari, umeme ukienda na kurudi.
La Nyanzobe lilikuwa na doa la mafuta na sentensi zake mbili:

*Mama anabagua dagaa.*
*Afisa anabagua mama.*

Ya pili ina kosa. Imekosa *m*,
ile herufi moja tunayoichomeka kwenye kitenzi
ili ijulikane kuwa anayetendwa ni mtu.
*Anambagua*, ndivyo inavyotakiwa.
Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi.

Umeme ukakatika tena.
Nilikaa gizani, sijui kosa ni la nani,
na alama nitamkata nani.