Nani Ataugeuza Uso

Dukani kwa Meindert, kando ya mfereji,
Aprili bado ina meno.
Tumekuja wanne kuyanunulia majira ya joto:
mimi, Hidde, Sytse wa miaka kumi na minne,
na Jeltje, sita na nusu. Nusu hiyo msiisahau.

Hidde keshachagua kabla mlango haujajifunga.
Amevaa kizibao cha kuelea, chepesi, cha buluu,
anazungusha mabega kama bwana harusi mbele ya fundi cherehani.
"Hiki hakibani. Mikono huru. Bei nayo nafuu.
Na sisi ni Wafrisia, si watu wa kuzama.
Babu yangu alijifunza kutembea juu ya sitaha."

Meindert habishi. Ameuza kamba miaka thelathini,
anajua fundo lipi huvutwa, lipi huachwa lilegee lenyewe.
Anasema tu: "Kizibao humfaa anayejiweza,
aliye macho, anayeogelea, na mwenzake yu karibu.
Jaketi la uokozi halikudai kitu.
Lina kola. Ukizimia, linakupindua,
linaulaza uso wako upande wa mbingu."

Nyuma ya duka kuna gati dogo.
Hidde hupenda watazamaji.
Akaazima suti ya mpira, kizibao juu yake, akaruka,
akaibuka akipuliza kama sili, akatupungia.
"Sasa zimia," Meindert akamwambia.

Akazimia vizuri mno.
Mabega yakaelea, mgongo ukaelea,
na uso ulikuwa chini, ukiyasoma maji.
Jeltje akacheka. Moja, mbili.
Sytse akacheka. Tano, sita.
Bata akapita.
Kumi na moja, na Jeltje hacheki tena.
Amenishika kidole, kimoja tu,
kana kwamba kushika mkono mzima ni kukiri jambo.

Kumi na tano, kichwa kikainuka: "Mmeona? Kinaelea!"
Naam. Kizibao kilielea.

Hatukugombana.
Sytse alipata kizibao, kwa haki yake:
ana kayaki, ana kasia, ana kocha kwenye boti la pembeni,
na jaketi nene lingemfunga makwapa.
Jeltje akapewa la rangi ya machungwa,
kola kama mto wa kulalia,
na mkanda wa kupita katikati ya miguu,
ambao aliuchukia papo hapo kwa moyo wake wote.
Nikasema tuchukue kubwa kidogo, atakua.
Meindert akalivuta mabegani. Likapanda, likafunika masikio,
mtoto akatokomea ndani kama kobe.
"Viatu hununuliwa vya kukulia," akasema. "Hili hununuliwa la leo."

Hidde akachukua la gesi, lijijazalo lenyewe likiguswa na maji.
Hakunitazama.
Aliuliza mara mbili mtungi hubadilishwa lini.

Kisha kalamu ikanigeukia mimi.
"Nawe? Kilo ngapi? Waogelea?"
Miaka kumi na sita ya ndoa, namba ile sijapata kuitamka mbele ya Hidde.
Nikaitamka. Ukuta haukuanguka.
Lakini kuogelea...
Nina cheti, nilitaka kusema, kimetundikwa ukutani kwa mama:
miaka saba, bwawa la ndani, maji vuguvugu,
mwalimu na fimbo yake ndefu ya kudakia.
Tangu hapo nimeshika usukani, nimemenya mayai, nimekunja matanga,
na kila nilipoulizwa nimesema naogelea,
kama mgonjwa ajibuvyo sijambo.

"Hapana," nikasema. "Si ndani ya koti. Si katika maji ya Aprili."

Hidde, nywele bado zikimtiririka shingoni,
aligeuka akanitazama
kama mtu aliyeibuka sasa hivi.