Namba za Chiatura

Shangazi Lamzira ametia chumvi mara tatu
katika chungu kimoja cha maharagwe,
na kila mara amekung'uta kijiko kwa uangalifu uleule
wa mtu anayetia chumvi kwa mara ya kwanza.
Sisemi kitu. Nakula.
Nje ya dirisha kigari cha waya kinaning'inia
juu ya korongo la Kvirila, mlango wazi, kutu tupu;
hakijabeba mchimba manganizi tangu nilipokuwa na meno ya utoto.

Lakini muulize namba ya daktari wa meno wa mwaka sabini na moja.
Muulize ya duka la mkate, ya zimamoto,
ya mhasibu Varlam aliyekuwa akipiga usiku wa manane
asitake kuunganishwa na yeyote.
Zinamtoka kama shanga uzi ukikatika:
mbili, kumi na nne. Mbili, thelathini na tisa.
Miaka ishirini na sita mbele ya ubao wa simu,
vidole vikichomeka, vikichomoa, vikichomeka,
mji mzima ukipita viganjani mwake
na wengi wao sasa wako kilimani, chini ya mawe yenye picha,
hawapokei.

Daktari wa Kutaisi alituchorea juu ya bahasha ya vidonge
kitu kama mizizi, kama nyaya zilizochanika ncha.
Kumbukumbu, alisema, si pesa kibubuni.
Ni njia, na njia ni nyayo:
ikipitwa hugeuka barabara,
isipopitwa nyasi hurudi kwao.
Usingizi nao hufagia, kila usiku, asante Mungu,
la sivyo tungelala na kila njiti ya kiberiti tuliyowahi kuwasha.
Tena, kila tukumbukapo tunashona upya,
na fundi hakosi kuongeza kitambaa chake.
Hapo shangazi alicheka, akamuuliza daktari jina lake.
Kwa mara ya nne.

Jana amesahau kwamba hasemezani na Eteri wa ghorofa ya chini.
Kapeleka bakuli la jozi, kagonga, kaingia,
miaka kumi na tisa ya ugomvi ikabaki kizingitini kama viatu.
Eteri, ambaye hajasahau hata neno moja,
alizipokea jozi kwa mikono miwili
na hakuweza kuzivunja.

Mimi ndiye mwenye kichwa kizima. Kila mtu husema.
Basi nikamsimulia, kumchangamsha,
siku ile kigari kilipokwama juu ya mto, saa tano nzima,
mimi na yeye na mwanamume mwenye kuku ndani ya kikapu,
na jinsi alivyonihesabisha madirisha ng'ambo ili nisilie.
Nimeisimulia harusini, nimeisimulia jeshini,
baridi ya kile chuma naijua kwa paja hili.
Akaweka kijiko chini.
"Hukuwamo," akasema. "Alikuwa Badri.
Wewe ulikuwa na surua, mama yako kakufungia chumbani,
ukalia dirishani kutuangalia."

Kuku yupo. Kikapu kipo. Baridi ipo pajani.
Nikajitafuta ndani ya kigari, nikaona kwanza
kichwa cha mtoto, kwa nyuma,
na nyuma ya kioo,
mbali,
dirisha lenye doa jekundu la uso.

Ningempigia Badri aamue.
Namba yake siijui; huijua simu yangu,
na simu hiyo ilizama na mengine yote mwezi uliopita,
nami sikuona haja ya kujifunza tarakimu za ndugu yangu mwenyewe.

"Badri?" akasema shangazi. "Tatu, hamsini na nane."
Ni ya nyumba yetu ya zamani. Palipokuwa na nyumba pana mteremko.
Tayari amekaa wima, kidole kimechomeka
katika tundu la kitambaa cha meza, na sauti yake
imekuwa ya msichana aliye kazini:
"Usikate. Nakuunganisha."

Nikashika pumzi.
Mkono wake wa pili ulikuwa unatafuta chumvi.